Malori ya zamani ya jeshi: Gari linauzwa, mlinzi anabaki kambini

Na Mwandishi Wetu

JIONI ya Mei 17, 1995, mtu mmoja aliyewahi kuwa askari wa Jeshi la Marekani aliingia katika kituo cha zana cha Walinzi wa Taifa mjini San Diego, jimboni California, akapanda juu ya kifaru aina ya M60A3 na kukiwasha. Hakuwa na ufunguo, wala hakuuhitaji. Kifaru hicho, kama yalivyo magari mengi ya kijeshi ya nchi hiyo, huwashwa kwa kubonyeza kitufe.

Kwa muda upatao dakika 20, zana hiyo yenye uzito wa zaidi ya tani 50 ilizunguka katika mitaa ya makazi, ikaponda magari yaliyoegeshwa na kuangusha nguzo pamoja na mabomba ya maji ya zimamoto, hadi iliponasa kwenye ukuta unaotenganisha pande mbili za barabara kuu. Polisi walipanda juu yake, wakafungua mfuniko na kumpiga risasi mtu huyo. Alifariki dunia. Kwa bahati, hakuna mwananchi mwingine aliyeuawa.

Miaka 26 baadaye, Januari 2021, gari la deraya aina ya Humvee liliibwa katika kituo kingine cha Walinzi wa Taifa, katika mji wa Bell, karibu na Los Angeles. Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilisema gari hilo lilikuwa na thamani ya takriban dola 120,000, likatangaza zawadi ya hadi dola 10,000 kwa atakayetoa habari. Gari hilo lilipatikana siku chache baadaye.

Matukio hayo mawili yalitokea ndani ya mali za serikali, zenye uzio na utaratibu wa ulinzi. Lakini yanaibua swali linalowagusa maelfu ya raia wa Marekani, Uingereza na nchi nyingine ambao leo wanamiliki malori ya zamani ya kijeshi: ikiwa jeshi lenyewe huibiwa gari lisilo na ufunguo, mtu binafsi aliyeegesha lori la namna hiyo uani kwake atalilinda vipi?

Jibu linaanzia katika kuelewa namna magari hayo yalivyobuniwa.

KWA NINI HAYANA UFUNGUO

Gari la raia hutengenezwa kwa kudhani kwamba lina mwenyewe mmoja, na kwamba kila mtu mwingine ni mgeni. Gari la jeshi hutengenezwa kwa dhana iliyo kinyume kabisa. Dereva wa leo anaweza kujeruhiwa au kuuawa kesho, na askari mwingine yeyote lazima aweze kurukia usukani na kuliondoa gari mara moja. Ufunguo uliobaki mfukoni mwa mtu aliyepelekwa hospitali ungeligeuza lori zima kuwa chuma kisicho na faida.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, magari ya mwanzo aina ya Jeep yalikuwa na ufunguo. Hata hivyo, ufunguo huo ulikuwa wa namba moja kwa magari yote, hivyo askari yeyote aliyekuwa nao aliweza kuwasha gari lolote. Vita vikiendelea, hata ufunguo huo wa pamoja uliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na swichi ya kawaida ya kuzungusha kwa mkono.

Utaratibu huo ulirithiwa na malori yaliyofuata. Mfano unaojulikana zaidi ni lori aina ya M35, lililobuniwa na kampuni ya REO ya Lansing, jimboni Michigan, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wamarekani hulitaja kwa jina la utani lenye maana ya "mbili na nusu", kwa sababu lilikadiriwa kubeba tani mbili na nusu katika njia mbovu. Toleo lake la M35A2 lilitumika sana katika vita ya Vietnam, na injini yake ilibuniwa ili iweze kutumia dizeli, mafuta ya taa na hata petroli inapobidi.

Kuwasha lori hilo kunahitaji hatua mbili tu: kugeuza swichi iliyo kwenye dashibodi, kisha kubonyeza kitufe cha starta. Milango yake haina kitasa cha kufungwa kwa ufunguo, na mengi yana paa la turubai ambalo kisu cha kawaida hulipasua. Hata malori mapya zaidi yaliyoanza kuchukua nafasi ya M35 katika miaka ya 1990 hayana ufunguo.

Je, jeshi lilikuwa likizembea? La hasha. Kufuli la lori hilo halikuwa ndani ya gari. Lilikuwa ni lango la kambi, uzio wa waya, daftari la zamu na askari mwenye bunduki. Siku lori linapouzwa kwa raia, linatoka kambini peke yake. Vitu hivyo vinne vinabaki nyuma.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo zima. Mwenye lori la zamani la kijeshi hana kazi ya kuongeza ulinzi juu ya ule uliopo. Anaanza na gari lisilo na ulinzi wowote.

KUTOKA KAMBINI HADI UANI

Biashara ya kuuza magari ya jeshi yaliyozidi mahitaji si jambo jipya. Baada ya vita kumalizika mwaka 1945, maelfu ya malori na mitambo iliuzwa kwa bei nafuu na kusambaa duniani. Afrika Mashariki nayo ilipata sehemu yake. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza nchini Tanganyika, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulitegemea kwa kiasi kikubwa mitambo iliyotumika vitani, yakiwamo matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru aina ya Sherman.

Nchini Marekani, mauzo ya siku hizi hufanyika kwa mnada chini ya usimamizi wa Wizara ya Ulinzi. Mwishoni mwa mwaka 2014, magari ya Humvee nayo yalianza kupigwa mnada kwa raia, kwa sharti la kutumika nje ya barabara za umma.

Wanunuzi ni wa aina nyingi: wakulima wanaotaka gari lenye nguvu shambani, vikosi vya zimamoto vya vijijini, makumbusho, na wapenzi wa historia wanaoyakarabati ili yashiriki katika maonyesho na gwaride za sikukuu. Wengi wao hawana gereji ya kuingia lori lenye uzito wa karibu tani sita likiwa tupu. Matokeo yake, gari huegeshwa uani, kando ya barabara au katika kiwanja cha kukodi, mbele ya macho ya kila apitaye.

MWIZI ANATAKA NINI

Ni rahisi kudhani kwamba hakuna mwizi mwenye akili timamu atakayeiba lori la rangi ya kijani linalonguruma kusikika mtaa wa pili. Dhana hiyo ina ukweli kidogo, lakini inadanganya.

Kwanza, si kila anayechukua gari la namna hiyo anakusudia kuliuza. Tukio la San Diego linaonesha hivyo. Juni 2018, katika jimbo la Virginia, luteni mmoja wa Walinzi wa Taifa aliondoka na gari la deraya la minyororo kutoka kambi ya Fort Pickett wakati wa mazoezi, akaliendesha takriban kilomita 100 hadi mjini Richmond huku polisi wakimfuata. Baadaye mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu ya maradhi ya akili. Mtu mlevi, kijana anayetaka kujionesha mbele ya wenzake, au mtu aliyechanganyikiwa, hafikirii soko.

Pili, wezi wengi hawahitaji lori zima. Lori la M35A2 linatumia umeme wa volti 24 unaotoka katika betri mbili kubwa za volti 12, na kila moja inauzika hata kama chuma chakavu. Tangi lake linachukua lita 190 hivi za mafuta. Kuna turubai, vioo, taa, madebe ya akiba ya mafuta, tairi la spea na nyaya nene za shaba. Vitu vyote hivyo vinaweza kuondolewa usiku mmoja na mtu mwenye spana chache.

Tatu, kuna trela. Matrela ya kijeshi ya mizigo na ya maji hayana injini wala swichi; yanahitaji ndoano tu. Mtu mwenye gari lenye kiungo kinachofaa anaweza kulivuta trela na kuondoka nalo kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kubadilisha tairi.

MNYORORO NA KUFULI

Kinga ya kwanza ni ile ile inayotumiwa na jeshi lenyewe. Kanuni za ulinzi wa mali za Jeshi la Marekani zinataka magari yasiyo na kufuli la kiwandani yafungwe usukani kwa mnyororo na kufuli. Ndiyo sababu katika sakafu ya magari mengi ya kijeshi hukutwa kipande cha mnyororo au kebo ya chuma kilichofungwa imara karibu na miguu ya dereva. Mnyororo huo hupitishwa katikati ya usukani na kufungwa kwa kufuli, na gari haliwezi kukata kona.

Njia hiyo ni ya bei nafuu, inaonekana kwa mbali na haihitaji kutoboa wala kubadilisha chochote kwenye gari la kihistoria. Lakini ina masharti yake.

Mnyororo ukizungushwa kwenye duara la nje la usukani pekee, mwizi ataukata usukani wenyewe kwa msumeno na kuuacha mnyororo ukiwa mzima. Inafaa upite karibu na kitovu cha usukani, mahali penye chuma kinene. Wapo wanaoufunga pamoja na kanyagio la klachi, ili hata injini ikiwaka, gia isiingie kwa urahisi. Aidha, uwe wa chuma kigumu kilichotengenezwa kwa ajili ya ulinzi, si ule laini wa kufungia mizigo, na usiachwe mrefu kiasi cha kulala sakafuni ambako mkata chuma hupata pa kuegemea.

Kwa upande wa trela, kufuli la ziada huwekwa kwenye ndoano yenyewe au kwenye jicho la trela ili lisiweze kuunganishwa na gari jingine. Tahadhari nyingine ni kuegesha trela ukutani, jicho lake likielekea ndani, na lori likiwa mbele yake.

UMEME NA MAFUTA

Kinga ya pili ni kuukata umeme. Wamiliki wengi hufunga swichi kuu ya betri, ambayo ikizimwa huitenga betri na gari zima. Swichi hiyo ina faida mbili: inamnyima mwizi starta, na inapunguza hatari ya moto unaotokana na nyaya zilizochakaa kwa miaka 50 au 60.

Hata hivyo, swichi ya betri peke yake haitoshi, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni soketi ya kubusti. Magari ya kijeshi huwa na soketi maalumu nje ya bodi, ambayo gari moja hutumia kulipatia umeme jingine betri inapokufa. Kama swichi imefungwa bila kuizingatia soketi hiyo, mtu mwenye waya wake na gari jingine la volti 24 anaweza kuupitisha umeme pembeni ya swichi na kuliwasha lori. Fundi anayefunga swichi hiyo hana budi kufuatilia njia zote za umeme, na soketi yenyewe iwekewe kifuniko chenye kufuli.

Sababu ya pili ni asili ya injini ya dizeli. Injini ya petroli huzimika umeme wa plagi unapokatwa. Injini ya dizeli ya zamani haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na pampu yake inaendeshwa na injini yenyewe. Ikishawaka, haiitegemei betri. Vilevile, lori lenye gia za mkono lililoegeshwa kwenye mteremko linaweza kuwashwa kwa kuliachia liserereke na kuingiza gia.

Kwa sababu hiyo, wamiliki wa malori ya dizeli huulinda zaidi mfumo wa mafuta. Katika M35A2, injini huzimwa kwa kuvuta mpini wa waya unaofunga mafuta kwenye pampu. Mpini huo ukivutwa na kubanwa usirudi, kwa kibano chenye kufuli, injini haitawaka hata starta ikizungushwa usiku kucha. Wengine hufunga koki ya siri kwenye bomba la mafuta. Koki hiyo hufanya kazi kwa kuchelewa, kwani mafuta yaliyobaki katika chujio huweza kulifikisha gari umbali fulani, lakini linapozimika, hewa huwa imeingia kwenye mabomba na haliwaki tena mpaka hewa hiyo itolewe.

Hapa ipo hatari ambayo mwenye gari hapaswi kuipuuza. Kifaa chochote kinachoweza kuizima injini ya mwizi kinaweza pia kuizima injini ya mwenyewe akiwa kwenye makutano ya barabara au juu ya reli. Koki inayolegea kwa mtikisiko, au swichi ya siri ya bei rahisi katika lori la petroli, huweza kuleta ajali kubwa kuliko wizi wenyewe. Kinga ya namna hiyo inastahili kufungwa na fundi anayelifahamu gari, kwa vifaa vya kiwango cha malori.

Kuongezeka kwa vifaa vya kufuatilia gari kwa setilaiti na mitandao ya simu kumewapa wamiliki msaada mwingine. Kifaa chenye betri yake kinaweza kufichwa ndani ya fremu ya lori, ambamo kuna nafasi tele. Lakini kifaa hicho hakimzuii mwizi. Kinaeleza tu alikoelekea.

UHARIBIFU USIOONEKANA

Wizi hujulikana asubuhi, pale gari linapokosekana. Hatari ya kuchezewa gari ni tofauti, kwa sababu gari lipo palepale na linaonekana zima.

Katika malori mengi ya M35A2, breki hutumia mafuta yanayosaidiwa na upepo, na mafuta hayo yamo katika njia moja inayolisha magurudumu yote. Gari la kisasa likipoteza mafuta ya breki upande mmoja, upande wa pili hubaki. Lori hilo likivuja mahali pamoja, breki zote za kanyagio hutoweka, na dereva hubakiwa na breki ya mkono na gia. Mtu aliyelegeza nati moja ya bomba, kwa makusudi au katika kujaribu kung'oa spea, ameacha nyuma yake gari la tani sita lisilo na breki.

Matangi ya upepo nayo yana koki za kutolea maji. Zikifunguliwa na kuachwa, upepo haujai, na kanyagio la breki huwa gumu mno. Lori hilo lina king'ora kidogo kinacholia upepo ukiwa chini ya kiwango, na dereva aliyefundishwa hasogei mpaka kinyamaze. Mwizi au kijana mtundu hana subira hiyo, na ndiyo maana lori lililoibwa ni hatari kwa waenda kwa miguu tangu mita ya kwanza.

Nati za magurudumu zinahitaji jicho la pekee. Katika M35A2, nati za upande wa kushoto hukaza kwa kuzungushwa kinyume na zile za kulia. Mtu asiyejua, akijaribu kuiba tairi, anaweza kudhani anakaza kumbe analegeza, au akakata msumari wake kwa nguvu. Njia rahisi ya kugundua ni kuchora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye gurudumu. Nati ikizungushwa hata kidogo, mstari hukatika na mwenye gari huona kwa kutazama tu.

Kuhusu tangi la mafuta, imani iliyoenea ni kwamba sukari huua injini. Ukweli ni kwamba sukari haiyeyuki katika petroli wala dizeli; hutuama chini ya tangi, na madhara yake makubwa ni kuziba chujio. Maji na mchanga ndivyo vya kuogopwa zaidi, hususan katika injini ya dizeli ambayo pampu yake hutegemea mafuta safi. Mfuniko wa tangi wenye kufuli huzuia yote hayo, na pia humzuia mnyonya mafuta.

Boneti nayo hufungwa kwa kufuli dogo, na sanduku la betri, ambalo katika lori hili liko chini ya upande wa abiria, huwekewa utepe wa chuma na kufuli lake.

WATOTO NA SHERIA

Kundi moja linalochezea malori hayo halina nia mbaya hata kidogo: watoto. Lori la jeshi ni kivutio kwa mtoto yeyote. Lina ngazi, vitufe na usukani mkubwa, na mlango wake haufungwi kwa ufunguo.

Hatari ipo katika kitufe cha starta. Katika lori la M35A2 lenye gia za mkono, starta huweza kuzunguka hata gia ikiwa imeingizwa na klachi haijakanyagwa. Starta ya volti 24 ina nguvu ya kulisogeza lori hata injini isipowaka. Mtoto aliyegeuza swichi na kubonyeza kitufe anaweza kulisukuma lori hadi kwenye ukuta, au kwa mwenzake aliyesimama mbele. Vilevile akiachia breki ya mkono kwenye mteremko, hakuna atakayelizuia.

Ndiyo sababu swichi ya betri na kabari za mbao au mpira chini ya magurudumu ni vifaa vya usalama wa watu kabla havijawa vifaa vya kuzuia wizi. Sheria za Marekani nazo zinaangalia jambo hilo. Mahakama za majimbo mengi zinatambua kanuni kwamba mwenye eneo anaweza kuwajibika mtoto akiumia kwa kitu cha hatari kinachomvutia, hata kama mtoto huyo aliingia bila ruhusa.

Kwa upande mwingine, hasira dhidi ya wezi isimfikishe mtu mahali pa kutega mitego. Mwaka 1971, Mahakama ya Juu ya Jimbo la Iowa iliamua kesi ya wenye nyumba waliokuwa wametega bunduki katika nyumba yao isiyokaliwa, ambayo ilimjeruhi vibaya mguu mtu aliyeingia kuiba vitu vya zamani. Mahakama iliunga mkono hukumu iliyomlipa mwizi huyo jumla ya dola 30,000. Msingi wa uamuzi ulikuwa wazi: sheria inathamini maisha ya binadamu kuliko mali. Mwenye lori anayefikiria kutega umeme kwenye kitasa au kitu chenye ncha kitini hana budi kuikumbuka kesi hiyo.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo unayahusu malori haya kuliko magari mengine.

Tangu mwaka 1981, magari ya raia nchini Marekani hupewa namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17, ambayo hujirudia sehemu mbalimbali za gari. Magari ya kijeshi hayakufungwa na utaratibu huo. Utambulisho wa lori kuukuu la jeshi mara nyingi ni kibati kilichopigwa ribiti kwenye dashibodi, chenye namba ya gari na tarehe ya kukabidhiwa jeshini. Kibati hicho hung'oka kwa dakika chache, na vibati vya kuiga huuzwa kwa wanaokarabati magari. Lori lililoibwa linaweza kuvishwa jina la lori lililokufa.

Kutokana na hali hiyo, mmiliki makini hupiga picha ya kibati, ya namba yoyote iliyogongwa kwenye fremu au injini, na ya alama za pekee kama vile kovu la kuchomelea au kiraka kwenye bodi. Wengine hugonga alama ya siri mahali pasipoonekana. Hati ya serikali inayomwezesha mnunuzi kupata kadi ya umiliki hutunzwa nyumbani. Haiachwi ndani ya gari. Mnunuzi naye anashauriwa kulinganisha hati na kibati kabla ya kulipa, na kutilia shaka ribiti zinazong'aa kwenye dashibodi iliyochakaa.

Bima nayo hutegemea kumbukumbu hizo. Bei ya lori la miaka ya 1960 haimo katika orodha za kawaida za magari, hivyo mwenye gari na kampuni ya bima hukubaliana thamani mapema kwa kuzingatia picha na risiti za matengenezo.

KABLA YA KUONDOKA

Hakuna hata njia moja kati ya hizi inayojitosheleza. Mnyororo hukatwa, swichi hukwepwa na koki hugunduliwa. Zikiwekwa pamoja, hata hivyo, humlazimisha mwizi kutumia muda mrefu, kupiga kelele na kubeba zana nyingi.

Lakini kila kufuli linaloongezwa linamwongezea mwenye gari wajibu. Lori lenye usukani uliofungwa, likiwashwa na dereva msahaulifu, huenda moja kwa moja lilikoelekea, hata kama mbele kuna watu. Kinga ya kosa hilo ni ndogo: kibao chekundu kinachoning'inizwa juu ya swichi, chenye orodha ya vitu vilivyofungwa, kisichotolewa mpaka cha mwisho kifunguliwe.

Baada ya hapo dereva hulizunguka lori mara moja. Hutazama mistari ya rangi kwenye nati, huchungulia chini kuona kama kuna tone la mafuta, hupima kiwango cha mafuta ya breki, huhakikisha koki za matangi ya upepo zimefungwa, huwasha injini na kusubiri king'ora kinyamaze, kisha hukanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoa kabari. Ukaguzi huo hauchukui robo saa, nao ndio kazi iliyokuwa ikifanywa kila asubuhi na askari wa zamu kambini, ambaye hakuuzwa pamoja na lori.